Mtoto kaja na barua kutoka shule: maswali wanayouliza wazazi wa Kiswahili walioko Marekani

Kazi yangu ni kutafsiri Kiswahili kwenye mitingi za shule za serikali huku Marekani. Wazazi ninaokaa nao wengi wametoka Kongo, wengine Burundi, Tanzania, Kenya, na kuna wale waliozaliwa kambini Nyarugusu au Kakuma. Kila mwaka shule zikifungua maswali yanakuwa yale yale, mzazi ananishika mkono kwenye paking baada ya mitingi kwisha ananiuliza kitu ambacho angemuuliza prinsipo, yaani mkuu wa shule, dakika kumi zilizopita, na mimi mle ndani natafsiri tu siruhusiwi kushauri. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Kwanza mjue Marekani haina kitabu kimoja cha nidhamu kwa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake na chini yake kila distrikti ya shule, yaani ofisi inayosimamia shule za eneo lenu, ina kitabu chake. Nikisema "shule nyingi" angalia cha kwenu, nikitaja mahakama ya juu au sheria ya serikali kuu hiyo inakuhusu popote ulipo. Mimi si wakili.

Wameniambia mtoto amefukuzwa. Ndiyo hasomi tena?

Mara nyingi sana hapana. Hili neno limeumiza familia nyingi. Sisi nyumbani kila kitu ni kufukuzwa, mtoto akirudishwa kuleta ada tunasema kafukuzwa ada, kesho yuko darasani. Huku kuna vitu viwili tofauti. Sasipensheni ni kusimamishwa kwa siku za kuhesabika, moja, tatu, tano, halafu anarudi darasa lile lile. Ekspalsheni ndiyo kufukuzwa kwenyewe, muhula au mwaka, na hiyo haiamuliwi na mwalimu aliyekasirika, lazima kuwe na kikao na kwa kawaida ni cha ngazi ya distrikti.

Kuna mama mmoja alipigiwa simu, aliyetafsiri akasema "mtoto wako amefukuzwa", mama akalia, akamkalisha kijana nyumbani wiki tatu anamtafutia kazi ya kufanya. Barua ilikuwa imesema siku mbili! Zile siku nyingine zote zikaandikwa utoro. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya namna hiyo swali lako la kwanza liwe moja tu: anarudi tarehe ngapi? Wakikupa tarehe ya karibu ujue ni sasipensheni.

Hizi adhabu zinapandaje?

Ni kama ngazi, ndivyo vitabu vyao vimepangwa, kosa dogo adhabu ndogo na likirudiwa unapanda. Chini kabisa mwalimu anaongea na mtoto, anambadilisha kiti, anakupigia simu au kutuma meseji. Ikiendelea anapewa detensheni, yaani anakaa darasani wakati wa lanchi au anabaki baada ya masomo, na hapo uliza atarudije nyumbani maana basi la shule litakuwa limeshaondoka. Juu yake kuna rifero, karatasi ambayo mwalimu anaandika kumpeleka mtoto ofisini kwa vaisi prinsipo, na hii wazazi wengi hawaijali kwa sababu mtoto anarudi darasani siku ile ile, lakini ndiyo inayobaki kwenye kompyuta na rifero ya nne au ya tano ndiyo inakuja kutumika kusema "tumejaribu kila kitu". Halafu kuna sasipensheni ya ndani, mtoto anakuja shule ila anakaa chumba kimoja siku nzima na kazi zake, halafu ya nje, anakaa nyumbani. Baada ya hapo shule mbadala, ya watoto waliotolewa shule ya kawaida, na mwisho ekspalsheni.

Makosa yenyewe pia yamepewa madaraja. Kuchelewa, kuongea darasani, simu, mavazi, hayo ya chini. Kupigana, kutisha mtu, kuiba, vepu yaani sigara ya umeme, hayo ya katikati na juu. Silaha inaruka ngazi zote. Kitabu kinapitishwa na bodi ya elimu ya distrikti, na mara nyingi mnaambiwa msaini kwamba mmekipokea shule zikifungua, kwa hiyo kiulizie. Uliza kama kipo cha Kiswahili, distrikti zenye wakimbizi wengi wengine wanacho kimekaa tu kwenye mtandao hakuna aliyewaambia.

Kwa nini wasimchape tu yaishe?

Naulizwa sana hili, na wazee hasa, na sicheki maana wengi tumelelewa hivyo. Majimbo mengi yamekataza fimbo kwenye shule za serikali, New Jersey ilikataza tangu 1867. Lakini mahakama ya juu mwaka 1977 ilisema katiba haikatazi, ikaachia majimbo, ndiyo maana mpaka leo yapo majimbo hasa ya kusini, Mississippi, Alabama, Arkansas, Texas, ambako shule inaweza bado kumchapa mtoto kwa kibao cha mbao. Texas mzazi anaweza kuandika barua na kuisaini kwamba hataki mtoto wake achapwe na shule inabidi iheshimu, ila inaandikwa upya kila mwaka.

Nikimpiga mwenyewe nyumbani kwa sababu ya kosa la shule?

Hapa nataka tuelewane vizuri. Sheria za majimbo hazimkatazi mzazi kumuadhibu mtoto wake kwa kiasi, lakini alama kwenye mwili, waya, mkanda, kumnyima chakula, kumfungia nje, hayo yanaweza kuitwa unyanyasaji. Na mwalimu akiona alama au akisikia mtoto anasimulia, sheria inamlazimisha yeye kuripoti, hana ruhusa ya kunyamaza hata kama anakupenda. Akinyamaza yeye ndiye anaweza kushtakiwa. Wale wa ulinzi wa watoto watagonga mlango wako. Nimeona nyumba ambapo shida ilianza na rifero moja ya simu darasani ikaishia watoto wanne wanahojiwa mmoja mmoja chumbani na mgeni. Mnyang'anye simu, mkatie mpira wa jumamosi, aoshe vyombo mwezi mzima, mpeleke kwa mjomba wake akaongee naye. Mkono urudishe mfukoni.

Walimsimamisha hata hawakumsikiliza. Inaruhusiwa?

Hapana. Na hii ni ya nchi nzima. Mwaka 1971 huko Columbus, Ohio, wanafunzi walisimamishwa hadi siku 10 wakati wa vurugu shuleni bila kusikilizwa, mmoja wao alisema yeye hakuwa hata mshiriki, alikuwa tu pale kwenye kantini vurugu zilipotokea. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu, ikaamuliwa 1975 kwa kura tano dhidi ya nne, kesi inaitwa Goss v. Lopez, liandikeni hilo jina. Mahakama ilisema kusoma ni haki ya mtoto kama mali yake, haiwezi kuchukuliwa hata siku chache bila kufuata utaratibu.

Utaratibu wenyewe kwa siku 10 au chini ni mdogo lakini upo. Mtoto aambiwe kosa lake ni nini. Akikataa, aelezwe ushahidi uliopo. Na apewe nafasi ya kusema upande wake, na hiyo nafasi ije kabla hajatolewa shule, isipokuwa akiwa hatari kwa wengine, hapo wanaweza kumtoa kwanza halafu wamsikilize haraka baadaye. Inaweza kuwa maongezi ya dakika tano koridoni, haihitaji wakili. Sasa fikiria mtoto ana miezi minne tu nchini, anaulizwa kwa Kiingereza cha haraka "ulimpiga au hukumpiga" anajibu "yes" kwa kila kitu kwa sababu ndilo neno analolijua. Wanaandika amekiri. Hilo nimelikuta zaidi ya mara moja. Uliza: mtoto alijieleza kwa lugha gani, na nani alikuwa anatafsiri?

Zikizidi siku 10, au ni ekspalsheni, haki zinakuwa kubwa zaidi, barua rasmi, kikao, na mara nyingi ruhusa ya kuja na mtu wa kukutetea na kuleta mashahidi.

Sijui Kiingereza vizuri. Mtoto anaweza kunitafsiria kwenye mitingi?

Usikubali. Tena mtoto huyo huyo mwenye kesi? Nilifika siku moja nimechelewa kwa sababu ya barafu barabarani, nikakuta mitingi imeshaanza, kijana wa darasa la nane anamtafsiria baba yake. Prinsipo anasema amemsukuma mwalimu, mtoto anamwambia baba "anasema nimeboresha hisabati". Baba anatabasamu anatingisha kichwa, anasema asante, asante sana mwalimu. Prinsipo anamwangalia huyu mzazi anayefurahia mwalimu wake kusukumwa. Nilipokaa nikatafsiri upya, yule baba alivua kofia akaishika mapajani hakuongea tena mpaka mwisho.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ndiyo inayobana hapa, kifungu chake cha sita, shule yoyote inayopokea pesa ya serikali kuu lazima iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa na mkalimani ni bure kwako. Anaweza kuwa wa kuja mwenyewe au wa simu. Akiwa wa simu na hamuelewani, kwa mfano yeye ni wa Mombasa wewe ni wa Fizi na maneno yanapishana, sema tu, waombe mwingine, hakuna atakayekukasirikia. Kama lugha yako hasa ni Kibembe au Kinyamulenge na Kiswahili ni cha sokoni tu, sema hivyo pia.

Wananipa karatasi nisaini. Nisaini?

Uliza kwanza kama sahihi ina maana "nimepokea" au "nimekubali". Ni tofauti kubwa. Kupokea haina shida. Kukubali ndiyo hatari, hasa kwenye ekspalsheni kuna karatasi inayosema unaachia haki yako ya kikao na mtoto anakwenda moja kwa moja shule mbadala, inaletwa kwa upole, wanakuambia ndiyo njia ya haraka, na pengine kweli ni ya haraka, ila ukishasaini kurudi nyuma ni shida. Una ruhusa ya kusema nakwenda nayo nyumbani, nitaileta kesho. Unaweza pia kuandika pembeni ya sahihi yako kwa Kiswahili kabisa "nimepokea, sijakubali".

Mtoto wangu alipigwa akajitetea, mbona na yeye kaadhibiwa?

Kwa sababu shule nyingi zinaadhibu wote waliorusha ngumi, hawaanzi na nani alianza. Inauma, najua. Lakini daraja la kosa linaweza kushuka ukionyesha alikuwa anajitoa tu. Omba waangalie kamera, na omba siku hiyo hiyo, shule nyingi hazitunzi video muda mrefu. Na kama amekuwa akionewa kabla, akiitwa majina kwa sababu ya ngozi au lafudhi yake au hijabu, hiyo uwe uliiripoti kwa maandishi mapema, kwa sababu ukiitaja siku ya kesi inaonekana umeitunga. Mfundishe mtoto amwambie mtu mzima na wewe umtumie kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi, meseji jioni ile ile yenye tarehe.

Mwalimu anaandika kila mara "hana heshima". Mbona nyumbani ni mpole?

Mara nyingi ni macho. Sisi mtoto akigombezwa anainamisha kichwa, akimkodolea macho mkubwa hapo ndipo tunasema amekosa adabu. Mwalimu wa huku anataka amwangalie machoni, asipomwangalia anaona anadanganya au anamdharau. Mtoto wetu pia akiona aibu anatabasamu, wanasema anacheka. Mweleze mwalimu hilo mwenyewe, wengi wanashangaa na wanabadilika, na mfundishe mtoto kwamba ya shule ni ya shule na ya bibi ni ya bibi.

Lakini siwezi kusema yote ni kutoelewana tu. Takwimu za wizara ya elimu yenyewe za mwaka wa shule 2013-14 zilionyesha mtoto mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.8 zaidi ya mtoto mzungu wa kupata sasipensheni ya nje. Watoto wetu wakiingia kwenye jengo la shule hawaulizwi kwanza kama ni wakimbizi, ni weusi basi. "Ukaidi" na "kukosa heshima" ni makosa ambayo mtu anayaona kwa jicho lake, si kama dirisha lililovunjika. California wameliona hilo, tangu Julai 2024 hairuhusiwi kumsimamisha mwanafunzi kwa ukaidi peke yake, madarasa yote mpaka sekondari, ingawa mwalimu bado anaweza kumtoa darasani kwake. Kwa hiyo ukiona rifero imeandikwa neno hilo omba waandike alifanya nini hasa, alisema neno gani, alitupa nini.

Mtoto ana IEP (mpango wa masomo wa mtoto mwenye ulemavu). Anaadhibiwa kama wengine?

Mpaka siku 10 kwa mwaka, karibu sawa na wengine. Wakitaka kuvuka hapo kwa namna inayobadilisha mahali anaposomea, sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inawalazimisha kukaa kikao ndani ya siku 10 za shule tangu waamue, na wewe mzazi ni mmoja wa hicho kikao, na maswali ni mawili: je, kosa limetokana na ulemavu wake? Na je, shule yenyewe ilikuwa inatekeleza ile IEP? Jibu likiwa ndiyo kwa la kwanza, au hapana kwa la pili, anarudi darasani kwake na wanatengeneza mpango wa kumsaidia tabia. Silaha, madawa ya kulevya, au kumjeruhi mtu vibaya sana, hapo wanaweza kumpeleka mahali pengine hadi siku 45 za shule hata kama ni ulemavu. Lakini huduma zake hazikatwi. Mtoto mwenye plani ya 504, mpango wa msaada kwa mwenye ulemavu asiye na IEP, naye ana kinga inayofanana.

Na sikilizeni hili kwa makini maana watoto wengi wa kambini wamepitia mambo, wengine hawakusoma kabisa miaka mitatu minne, na wazazi wanaogopa kusema "mtoto wangu ana tatizo" kwa sababu ya aibu. Ukiwa ulishaandika kwa mwalimu wake au kwa prinsipo kwamba una wasiwasi anahitaji msaada maalum, KABLA ya kosa, kinga hiyo inaweza kumfunika hata kama bado hajapimwa. Karatasi moja tu.

Wanaweza kupekua begi lake? Na polisi wa shule?

Mwalimu au prinsipo akiwa na sababu ya maana ya kushuku anaweza kupekua begi bila hati ya mahakama, iliamuliwa 1985. Kumvua nguo ni kitu kingine kabisa, mwaka 2009 mahakama ya juu ilisema shule ya Arizona ilivunja haki za msichana wa miaka 13 waliyemvua mpaka chupi wakitafuta vidonge vya maumivu vya kawaida.

Polisi wa shule si mwalimu. Maneno anayoambiwa yeye yanaweza kwenda mahakamani. Usitegemee kwamba atakupigia wewe kwanza, mfundishe mtoto sentensi moja ya Kiingereza ya kusema anamtaka mzazi wake na wakili kabla ya kujibu, aiseme kwa adabu na anyamaze. Na kama hamjapata uraia, kesi yoyote ya polisi hata ndogo muone wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali chochote.

Alileta kisu cha kumenyea embe. Ni silaha?

Kwao inaweza kuwa silaha, ndiyo. Kagueni mabegi asubuhi. Bunduki ndiyo haina mjadala mkubwa, sheria ya 1994 inataka mwanafunzi aliyeleta bunduki afukuzwe si chini ya mwaka mmoja, ila msimamizi mkuu wa distrikti anaweza kupunguza kwa maandishi akiangalia kesi yenyewe.

Amesimamishwa basi la shule tu. Anabaki nyumbani?

Hapana, anatakiwa shule, wewe ndiye unatafuta namna ya kumfikisha. Asipofika ni utoro.

Akiwa nyumbani siku za sasipensheni kazi za darasani je?

Ziombe siku ile ile anayotoka, kwa mwalimu na kwa kaunsela.

Haya mambo yanakaa kwenye faili lake milele?

Una haki ya kuliona faili lote, sheria ya FERPA ya 1974, ukiomba wana siku 45 za kukuonyesha. Kama kuna kitu cha uongo unaweza kuomba kirekebishwe, wakikataa una haki ya kikao, na ukishindwa huko bado unaweza kuandika maelezo yako yakawekwa humo humo. Sijawahi kuona mzazi wetu hata mmoja ameomba bila kuambiwa.

Wanasema watamweka kwenye "duara". Ni nini hiyo?

Ni baraza. Waliokoseana wanakaa mviringo na mtu mzima mmoja, kila mmoja anasema kilichotokea na kilichomuuma, halafu wanakubaliana namna ya kutengeneza. Wazee wetu wa Kivu wakielezewa hivyo wanaelewa kuliko hata walimu. Ukiona kitabu cha shule yenu kinayo hiyo njia, iombe wewe mwenyewe badala ya sasipensheni, na waambie uko tayari kuja kukaa.

Sijaridhika. Naanzia wapi?

Prinsipo kwanza, halafu ofisi ya distrikti, halafu bodi, na muda wa kukata rufaa huwa ni wa siku chache tu, uko kwenye barua yenyewe mara nyingi ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo. Usipige simu tu, andika. Andika kwa Kiswahili, kutafsiri ni kazi yao. Hii hapa inatosha, nakili ubadilishe majina:

"Kwa prinsipo. Mimi ni mzazi wa (jina), darasa la (namba). Nimepokea barua ya tarehe (tarehe). Sijakubaliana na adhabu hii na naomba kikao. Naomba mkalimani wa Kiswahili, si mtoto wangu. Naomba nakala ya rifero zote, maelezo ya mashahidi, na video itunzwe. Naomba pia kujua mtoto wangu alijieleza lini na kwa lugha gani. Naomba jibu kwa maandishi. Simu yangu ni (namba), napatikana baada ya saa kumi jioni nikitoka kazini."